Mzee kaoza mgongo, kamati ikanywa soda!

Ndugu msomaji, kama hapo kijiweni unakula chapati, iweke chini kwanza. Mhariri amekataa kuchapa picha nilizomletea, kasema gazeti hili watu wanalisoma huku wanakula. Sawa. Picha sitakuonyesha, nitakueleza kwa maneno, na bahati yako maneno hayana harufu.

Chini ya mgongo wa mzee yule, pale mkanda wa suruali unapokaa, palikuwa na shimo. Sisemi kidonda, nasema shimo. Ngumi ya mtoto mchanga ingeingia. Pembeni nyama ilikuwa nyeusi, katikati kulikuwa na kitu cheupe, na mwenzangu mmoja aliyewahi kubeba nyama machinjioni Vingunguti akaninong'oneza: "Huo mfupa." Visigino vyote viwili navyo vilikuwa vimekwishaanza safari hiyo hiyo. Shuka lilikuwa limegandia ngozi. Na mzee huyu hakuokotwa porini wala jalalani. Alikuwa kitandani, ndani ya makazi ya wazee yanayoendeshwa kwa kodi yako na yangu, yenye bango, bendera, mfawidhi na kitabu cha wageni.

Jina la makazi hayo mhariri analo, na kwa sasa litabaki kwake. Jina la mzee nalo nalihifadhi. Mtaani kwetu tulimwita Fundi, na hapa ataitwa hivyo hivyo.

Fundi alikuwa fundi viatu. Alikaa chini ya mwarobaini mmoja tangu mimi sijazaliwa. Viatu vyangu vya kumalizia kidato cha nne alivishona mara tatu, na mara ya tatu hakutaka hela, alisema nikafanye mtihani kwanza. Mke alimfia zamani, mtoto hawakujaliwa, na huko kusini alikotoka kila aliyemjua amekwishazikwa. Siku moja akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na ulimi ukawa mzito.

Tulimlisha kwa zamu, sisi vijana wa kijiwe, miezi minne. Kisha tukachoka. Naandika neno hilo kwa aibu lakini ndilo la kweli: tulichoka. Mwenye nyumba naye akataka chumba chake. Tukaenda serikali ya mtaa tukapewa barua, tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukapanda ngazi na kushuka. Katika ofisi tatu tuliulizwa swali moja: ana ndugu? Tukajibu hana. Wakaandika kwenye fomu, hana ndugu. Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yake. Makazi ya wazee si ya kila mzee, ni ya yule ambaye hana kabisa wa kumtunza. Kwa hilo siilaumu serikali, kila mwenye baba angemtupia mlangoni mwao.

Asubuhi ya kuondoka tulimwogesha wenyewe nyuma ya nyumba, watatu. Mmoja alimshika kwapani, mmoja miguu, mimi nikamsugua mgongo na kumpaka mafuta ya nazi. Mgongo ulikuwa mzima. Ndugu msomaji, hilo likumbuke.

Mwezi wa kwanza tulikwenda kumwona, tukamkuta benchini anaota jua. Tukarudi tumefurahi, tukajiona tumefanya jambo. Halafu nauli, halafu shughuli, halafu mvua. Tuliporudi ulikuwa mwezi wa tano. Benchi lilikuwa tupu. Tukaelekezwa bweni la mwisho, tukaingia, na kabla ya kumwona tulimnusa. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema taratibu kwa ule ulimi wake mzito: "Wajukuu zangu, mmekawia."

Nimesoma mpaka kidato cha nne tu, mimi si daktari. Kwa hiyo nilikwenda kuuliza kwa anayejua. Muuguzi mmoja aliyestaafu, mama mtu mzima wa mtaa wa pili, alinikalisha akanifundisha. Mtu aliyepooza, akasema, lazima ageuzwe kila baada ya kama saa mbili, usiku na mchana. Asipogeuzwa, mfupa unaibana nyama juu ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Kwanza ngozi inabadilika rangi, ukiibonyeza hairudi kama kawaida. Hapo ukimgeuza na kumweka pakavu anapona. Usipomgeuza, ngozi inachubuka au kutoa malengelenge, kisha kidonda kinafunguka, kisha kinachimba kwenda chini. Akilala juu ya mkojo wake mambo yanakwenda mbio zaidi. Nikamwonyesha picha. Akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "hiki hakikufika mfupani kwa usiku mmoja."

Maana yake ni nini? Maana yake zilipita siku nyingi ambazo mtu yeyote mwenye macho angefunua shuka na kuona. Asubuhi zikapita, zamu zikapokezana, vitabu vikasainiwa, chai ikanywewa, na hakuna aliyefunua. Au alifunua akafunika.

Siku ile ile tulikwenda kwa mfawidhi. Alitupokea vizuri tu, akatukaribisha viti. Nilipomwambia tulichokiona alivua tabasamu kama mtu anavyovua koti.

"Wewe kijana ni nani kwake?"

"Mjukuu wake, mzee."

"Wa damu?"

Nikanyamaza.

"Basi huna mamlaka ya kuuliza habari za mgonjwa. Hizo ni siri. Alete malalamiko ndugu yake."

Hebu rudia hapo, ndugu msomaji. Ili mzee aingie mle, lazima awe hana ndugu. Ili malalamiko yake yasikilizwe, lazima yaletwe na ndugu! Mtego wa panya una tundu la kuingilia, lakini huu wa kwetu umepakwa rangi na kuwekewa bendera. Mtu unamchagua kwa sababu hana wa kumsemea, kisha unaidai sauti ya huyo huyo asiyekuwepo. Mimi nikipigwa chupa kijiweni leo usiku, naenda polisi napewa PF3, naenda hospitali, jalada linafunguliwa. Mzee anayeoza taratibu kwa miezi kitandani, PF3 yake anampa nani? Aende kituoni kwa miguu ipi?

Tukaandika barua. Tatu kwa mkono, moja ya kuchapwa stesheni. Siku ya tisa baada ya barua ya kwanza Fundi akapelekwa hospitali. Siku ya kumi na mbili ndipo ikaja kamati.

Kamati! Ilitanguliwa na taarifa, tena ya wiki nzima, na mlinzi na wazee wawili wametusimulia wiki hiyo ilivyokuwa. Mashuka mapya yalitoka stoo. Kuta zikapigwa chokaa mpaka usawa wa bega. Wazee wakaogeshwa, wakanyolewa, wakala wali na nyama, mpaka mmoja akauliza kama kuna sikukuu. Wajumbe walikuwa watatu, na wawili kati yao wanatoka ofisi ile ile inayosimamia makazi hayo na kupokea taarifa zake. Katibu wa kuandika mazungumzo alikuwa nani? Mfawidhi mwenyewe! Wazee walihojiwa ukumbini, wote kwa pamoja, mfawidhi akiwa mezani na kalamu. Waliulizwa kama wanapata matatizo. Wewe ungejibu nini, mtu anayekupimia uji amekukodolea macho? Wakasema wanashukuru.

Kisha ikaletwa kreti ya soda. Wajumbe wakaenda kukiangalia kitanda cha Fundi. Kitanda! Mwenyewe yuko hospitali, safari ya nusu saa kwa gari lao, na mgongo wake uko huko, una ushahidi wote wanaoutafuta. Hawakwenda. Walikagua godoro jipya, wakaliona ni jipya.

Fundi alikufa siku mbili baadaye. Sisi tuliambiwa siku ya nne, amekwishazikwa na halmashauri. Namba zetu za simu tuliziandika wenyewe kwenye kitabu cha wageni, mara mbili. Tulipouliza kwa nini hatukupigiwa, tukajibiwa kwa upole kabisa kwamba kwenye fomu imeandikwa marehemu hana ndugu.

Taarifa ya kamati hatukupewa. Tulisomewa aya moja dirishani, karani akiwa ameifunika kwa kiganja sehemu nyingine. Aya ile inasema mzee alipokelewa makazini akiwa tayari na kidonda mgongoni, na kwamba hakuna ushahidi wa uzembe.

Alipokelewa na kidonda! Mikono hii ndiyo iliyomsugua ule mgongo asubuhi ile. Tuko watatu, tunajulikana tunakokaa, barua zetu zina anwani. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyetuuliza. Na kama kweli alifika na kidonda, basi siku ya kumpokea kiliandikwa, kikasafishwa, na kila siku aliyekifunga alitia saini. Kiko wapi kitabu hicho? Wakitoe tu, wafunge mdomo wangu na gazeti hili liombe radhi ukurasa wa kwanza.

Hapa naomba nieleweke. Sipigi kelele mhudumu wa zamu ya usiku afukuzwe. Nimezungumza naye, kwa siri, akalia. Usiku ule anaachwa peke yake na mabweni mawili, glavu zikiisha anatumia mifuko ya nailoni, na wa kumgeuza mtu aliyepooza wanatakiwa wawili. Nasikia minong'ono kwamba sasa wanamtafuta huyo mama awe kafara. Dagaa wakaangwe, papa waendelee kuogelea! Akipelekwa mahakamani peke yake, mimi nitakuwa shahidi wake wa kwanza.

Wapo watakaosema ndivyo dunia ilivyo, wazee wanakufa, na kila serikali hufunika kombe mwanaharamu apite. Wa kwanza ni kweli, wa pili si lazima. Nitakupeleka Afrika Kusini, kwa sababu huko nako wakubwa walianza na wimbo huu huu, ila hawakuachiwa waumalize.

Oktoba 2015 serikali ya jimbo la Gauteng, lile la Johannesburg na Pretoria, ilitangaza kuvunja mkataba na taasisi binafsi iitwayo Life Esidimeni, iliyokuwa ikitunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Hao hawakuwa wazee wa makazi kama Fundi, lakini walifanana naye kwa jambo moja, kwamba hawakuweza kujitetea. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kubana matumizi. Mgonjwa mmoja kwa siku aligharimu randi 320, na vikundi vya kijamii vilivyopewa kazi hiyo vingelipwa randi 112. Piga hesabu mwenyewe uone ni chakula kipi na dawa ipi iliyokatwa hapo. Zaidi ya wagonjwa 1,300 wakahamishwa mbio mbio mpaka katikati ya 2016, wengine bila mafaili yao, wengine kwenye magari ya mizigo, na wapo ambao familia zao hazikujua wamepelekwa wapi. Vikundi 27 vilivyowapokea vyote vilikuwa na leseni zisizo halali.

Wakaanza kufa. Septemba 2016 waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, akaliambia bunge la jimbo kwamba waliokufa ni 36. Hiyo ndiyo hesabu ya mtuhumiwa. Ndipo kazi ikapewa mtu wa nje ya ofisi yake, Profesa Malegapuru Makgoba, msimamizi wa malalamiko ya afya wa nchi nzima. Yeye hakukagua magodoro. Alifukua mafaili, leseni, orodha za mochwari, akahoji watu. Februari 2017 akatoa taarifa yake: waliokufa si chini ya 94, na siku ile yule mama anatangaza 36, waliokuwa wamekwishakufa walikuwa 77! Mahlangu alikuwa amejiuzulu siku moja kabla taarifa haijasomwa. Mbele ya Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, Machi 2018, hesabu ilifika 144, na serikali ikaamriwa kulipa kila familia iliyodai randi milioni 1.2. Uchunguzi wa vifo ukafunguliwa mahakamani 2021, na Julai 2024 mahakama ya Pretoria ikasema uzembe wa Mahlangu na ofisa wake wa juu wa afya ya akili ndio uliosababisha vifo tisa.

Kutoka 36 hadi 144. Mezani kwa mtuhumiwa waliobaki hai kwenye karatasi ni wengi kweli!

Lakini usikimbilie kuwasifu sana. Kule kilichoianzisha moto ile ni familia. Mama, dada na kaka za wale wagonjwa walikwenda mahakamani tangu Desemba 2015, kabla hajafa mtu, wakashindwa, wakarudi, wakaandamana na picha za marehemu wao. Bila wao, 36 ingekuwa ndiyo historia. Sasa nirudishe macho kwenye yale makazi yetu. Ya kwetu yamejazwa, kwa sharti la fomu, watu ambao hawana mama, dada wala kaka. Ukisubiri ndugu aandamane kwa ajili ya Fundi utasubiri mpaka kiama.

Ndiyo maana nasema uchunguzi wa makazi ya wazee haufai kusubiri mlalamikaji. Mzee akikutwa na kidonda cha kulalia kilichofunguka, au akifia mle, jalada lifunguke lenyewe kama linavyofunguka mtu akifia mahabusu. Na lifunguliwe na mtu ambaye mshahara wake, posho yake na uhamisho wake havipitii ofisi ile. Aje bila hodi, tena usiku. Ashike kitabu cha zamu na cha dawa siku ya kwanza, kabla peni mpya haijapita juu yake. Amhoji mzee peke yake, mlango umefungwa. Amfunue mgongo!

Wataniambia ipo Sera ya Taifa ya Wazee, tangu 2003. Nimeisikia, ina maneno mazuri. Lakini sera hakuna anayefungwa kwa kuivunja. Kinachofunga ni sheria, na sheria haikosekani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 206, inasema kwamba mwenye dhamana ya kumtunza mtu asiyejiweza kwa uzee au ugonjwa, ambaye hawezi kujitoa mikononi mwake, ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya uhai, na asipompatia anahesabiwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha madhara yanayofuata. Anahesabiwa kuwa yeye! Kifungu hicho kimekuwemo tangu enzi za mkoloni. Hakina neno ndugu ndani yake. Ipo pia sheria ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980, inayompa hakimu uwezo wa kukaa na kuuliza mtu huyu alikufaje. Na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi 2001, ambayo imo kwenye Katiba na inaruhusiwa kuchunguza ofisi za umma. Zana zote zipo stoo, kama yale mashuka mapya, zinasubiri kamati.

Na wewe kijana mwenzangu unayesema haya ni mambo ya wazee, hebu geuka uhesabu kijiwe chako. Dereva bodaboda, mpiga debe, fundi simu, muuza mitumba, mwandishi wa kulipwa kwa habari moja moja kama mimi. Wangapi wana NSSF? Fundi naye alikuwa kijana chini ya mwarobaini, ana mikono miwili yenye nguvu, anacheka na watu.

Barua yetu Tume imepokelewa, nakala yetu imepigwa muhuri. Kwa hakimu tumepeleka nyingine, kuomba kifo cha Fundi kichunguzwe, na tumeambatanisha picha, jina la muuguzi aliyekubali kutoa ushahidi, na majina yetu watatu tuliomwogesha. Pale penye nafasi ya kuandika uhusiano na marehemu tumeandika wateja wake.

Mlinzi ametuambia kitanda kile kimekwishapata mzee mwingine, amepooza miguu, ameletwa juzi, na fomu yake imeandikwa hana ndugu. Jumapili tunakwenda. Tutasaini kitabu cha wageni, tutakaa naye, na kabla ya kuaga tutafunua shuka.